Kushikiliwa na Kuguswa: Majedwali ya Kumbukumbu na Swali la Majaliwa

Katika mijadala ya dini na falsafa kuna maswali mawili ambayo yamechanganywa kwa muda mrefu hata yakadhaniwa kuwa swali moja. La kwanza linauliza kama ulimwengu unahitaji kushikiliwa na kitu kisicho sehemu ya ulimwengu ili uendelee kuwapo. La pili linauliza kama mshikilizi huyo, iwapo yupo, huyaingilia mambo ya ulimwengu tukio kwa tukio. Wanaoyachanganya huishia kwenye mojawapo ya kauli mbili: ama husema kwamba moto hauunguzi wala dawa haiponyi, bali ni Mungu pekee atendaye kila wakati, kwa kuchelea kwamba vinginevyo ulimwengu ungeonekana kujitegemea, ama husema kwamba kila kanuni ya maumbile inapogunduliwa Mungu hupunguziwa kazi, hadi siku moja abaki hana la kufanya. Kauli hizi zinapingana, lakini zimesimama juu ya kosa moja, nalo ni kuupima utegemezi kwa idadi ya mara ambazo mshikilizi anatia mkono. Kosa hilo linaonekana waziwazi mahali ambapo wanateolojia hawana desturi ya kutazama, yaani katika kazi ya kusimamia majedwali ya kumbukumbu ya mashine pepe, ambako wahandisi, bila kukusudia, wamejenga karibu kila msimamo uliowahi kutetewa katika mjadala huu na kuipima gharama yake.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wa peke yake. Ni programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta kubwa, ikiwa na mfumo endeshi wake, diski yake na kumbukumbu yake, na kwa kila kipimo cha ndani ni mashine kamili. Programu inayozilea mashine hizi na kuzigawia uwezo wa kompyuta halisi huitwa haipavaiza. Mashine inayolelewa huitwa mgeni, na kompyuta inayowabeba wote huitwa mwenyeji. Neno haipavaiza halisikiki sana Mowlem, kata ya magorofa ya kupangisha iliyo pamoja na Umoja na Kariobangi Kusini katika eneobunge la Embakasi Magharibi, lakini kitu chenyewe kimo katika maisha ya huko: kijana anayelipia seva kila mwezi ili kuendesha tovuti za wateja wake kutoka bedsita ya ghorofa ya nne hakukodi chuma, alikodi mgeni, na chuma kinachombeba mgeni huyo chaweza kuwa katika kituo cha data kando ya Barabara ya Mombasa au kikawa Frankfurt, wala skrini yake haitamwonyesha tofauti. Afrika nayo haikuwa mtazamaji tu katika historia hii, kwa kuwa EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha mashine pepe iliyofunguliwa mwaka 2006, ilijengwa kwa sehemu kubwa na kikosi kilichokaa Cape Town chini ya Chris Pinkham, juu ya haipavaiza iitwayo Xen iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge.

Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ndefu ya nafasi zenye namba, na namba ya kila nafasi ndiyo anwani yake. Tangu mashine ya Atlas iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, mifumo mingi haiziachii programu kuzishika anwani hizo moja kwa moja. Programu hupewa anwani pepe, na kati ya anwani pepe na anwani halisi husimama jedwali la kurasa, yaani orodha inayosema kwamba ukurasa fulani wa programu umewekwa katika fremu fulani ya kumbukumbu. Katika prosesa nyingi za seva za leo ukurasa wa kawaida una baiti 4,096, na jedwali limepangwa kwa ngazi nne, kila kipande cha jedwali kikiwa na maingizo 512, hivi kwamba prosesa hushuka ngazi moja baada ya nyingine hadi ifikie fremu inayotafutwa. Mwandishi wa jedwali ni mfumo endeshi, na kwenye kompyuta ya kawaida hakuna aliye juu yake. Ndani ya mashine pepe yuko. Mgeni huandika jedwali lake akichukulia kwamba namba anazoziandika ni za kumbukumbu halisi kuanzia sifuri, kumbe sifuri yake na sifuri ya mgeni wa jirani haziko kwenye sifuri ya mwenyeji, na ni haipavaiza peke yake inayojua kila moja iko wapi. Anwani basi ni za aina tatu: anwani pepe ya programu iliyo ndani ya mgeni, anwani ambayo mgeni anaiona kuwa halisi, na anwani iliyo halisi kwa mwenyeji.

Ugatuzi huu wa majina si mgeni kwa mkazi wa Eastlands, upande wa mji ulio na Mowlem. Mpangaji wa Mowlem husema anakaa D12. Mwenye ploti huijua D12 kama mlango mmoja wa ploti yake. Naye msajili wa ardhi hana habari yoyote ya D12, bali anajua namba ya kipande cha ardhi, namba ambayo siku hizi hutafutwa kwenye mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Mpangaji akihamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule hahitaji ruhusa ya msajili, na kipande cha ardhi kikibadili mmiliki au namba, mlango wa mpangaji hubaki D12. Orodha mbili zinazoandikwa na watu wawili zinakutana mahali pamoja, na kila mwandishi aweza kubadilisha yake bila kumjulisha mwenziwe. Suala lote la uhandisi, na kwa kiasi kikubwa suala la falsafa pia, ni nani anazisoma orodha hizo mbili kwa pamoja, na lini.

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa kwamba haipavaiza yenyewe ndiyo iliyozisoma, tena kila mara. Prosesa zilijua kutembea kwenye jedwali moja tu, kwa hiyo haipavaiza, tangu enzi ya VM/370 ya IBM mwaka 1972 hadi bidhaa za kwanza za VMware mwishoni mwa miaka ya 1990, ilitunga jedwali la tatu, jedwali kivuli, lililofupisha safari mbili kuwa moja: kutoka anwani pepe ya mgeni moja kwa moja hadi fremu ya mwenyeji. Prosesa ilisoma kivuli, haikusoma maandishi ya mgeni. Njia iliyozoeleka ya kuhakikisha kivuli hakipitwi na wakati ilikuwa kuzitia kurasa zenye majedwali ya mgeni alama ya kusomwa tu. Mgeni alipojaribu kuandika ingizo jipya, prosesa iliikataa amri, ikamsimamisha mgeni, ikaipa haipavaiza udhibiti. Haipavaiza ikaichambua amri iliyokataliwa, ikaitekeleza kwa niaba yake, ikarekebisha kivuli, kisha ikamrudisha mgeni kwenye amri iliyofuata kana kwamba hapakutokea kitu. Mgeni aliona ameandika. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, angeitambua picha hiyo mara moja, kwa kuwa katika kitabu chake cha Ihya alisimulia habari za sisimizi anayeona ncha ya kalamu ikitia wino karatasi na kuidhania kalamu kuwa ndiyo mwandishi, kwa sababu macho yake hayafiki mkononi. Katika Tahafut, kitabu alichokiandika dhidi ya wanafalsafa, alichukua mfano wa pamba na moto, akashikilia kwamba macho yanashuhudia pamba kuungua wakati moto unapoigusa, wala hayashuhudii kwamba inaungua kwa sababu ya moto. Ghazali hakukana kwamba pamba huungua. Alikana ulazima: uhusiano kati ya mguso na kuungua ni desturi ambayo Mungu ameiendeleza, naye huumba tukio la pili kila linapotokea la kwanza. Wanateolojia wa madhehebu ya Kiashari, ambao mafundisho yao ndiyo yaliyoenea katika madrasa za pwani ya Waswahili pamoja na elimu ya sifa ishirini za Mwenyezi Mungu, waliongeza dhana ya kasbu, kwamba tendo huumbwa na Mungu na mja huwa amelichuma tu, likahesabiwa lake bila yeye kuwa muumbaji wake. Nicolas Malebranche alitetea fundisho la jamii hiyohiyo huko Ufaransa katika karne ya 17. Chini ya jedwali kivuli mgeni huishi hasa kwa masharti hayo: kuandika kwake ni sababu ya haipavaiza kuandika, tendo likahesabiwa lake katika kumbukumbu zake zote, na baina ya amri yake na badiliko la jedwali linalosomwa na prosesa hakuna uhusiano wowote isipokuwa uaminifu wa haipavaiza.

Njia hii ilikuwa ghali. Kila kutolewa kwa mgeni, yaani kusimamishwa kwake ili haipavaiza ishike udhibiti, kulikula mizunguko mingi ya prosesa, na kazi zilizoanzisha na kuua michakato mingi kwa haraka, ambazo hubadilisha majedwali bila kupumzika, zilizorota vibaya. Ghali, hata hivyo, ni neno la mhandisi; Muashari angejibu kwamba Mungu hachoki, na jibu hilo ni sahihi kadiri linavyofika, kwa hiyo gharama haiwezi kuwa hoja dhidi ya Ghazali. Itabidi hoja itoke kwingine.

Kabla ya hoja hiyo kuna njia ya kati ambayo inastahili kutajwa. Xen, katika umbo lililoelezwa na kikundi cha Ian Pratt mwaka 2003, haikumficha mgeni hali yake. Mfumo endeshi wa mgeni ulirekebishwa ili ujue kwamba ni mgeni, uzione namba halisi za fremu zake, na kila unapotaka kubadilisha jedwali la kurasa upeleke ombi kwa haipavaiza, ambayo hukagua kama fremu inayotajwa ni ya mgeni huyo kweli, kisha huandika. Msomaji wa dini ataona hapa sura ya dua, lakini asiharakishe. Ombi hili liko karibu zaidi na mkataba kuliko maombi ya mja, kwa kuwa likitimiza masharti hukubaliwa na lisipotimiza hurudishwa na namba ya kosa, na hakuna katikati mahali pa rehema wala pa kusubiri. Linalovutia zaidi ni jambo lingine: mgeni wa Xen alijua ukweli wa mahali alipo kuliko mgeni yeyote mwingine, na bado hakuruhusiwa kuandika hata ingizo moja la jedwali lake kwa mkono wake. Kujua hakukumwongezea uhuru.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2007, mwaka uleule ambao M-Pesa ilizinduliwa Kenya na haipavaiza ya KVM ikaingizwa katika Linux. Prosesa za AMD za kizazi kilichoitwa Barcelona, na baada yake za Intel za kizazi cha Nehalem mwaka 2008, zilifundishwa kutembea kwenye majedwali mawili kwa mpigo. La kwanza ni la mgeni, naye huliandika apendavyo. La pili ni la haipavaiza, nalo hutafsiri kila anwani ambayo mgeni anaiona kuwa halisi iwe fremu ya mwenyeji. Safari imekuwa ndefu, kwa sababu kila ngazi ya jedwali la mgeni imekaa kwenye anwani inayohitaji yenyewe kutafsiriwa kwa ngazi nne za jedwali la pili, hivyo tafsiri moja iliyohitaji kusoma kumbukumbu mara 4 yaweza sasa kuhitaji mara 24. Lakini prosesa huhifadhi tafsiri za karibuni katika ghala dogo la ndani, na kurasa za megabaiti 2 hupunguza ngazi, kwa hiyo hasara huwa ndogo kuliko namba inavyotisha. Faida ni kwamba mgeni anayebadilisha jedwali lake hasimamishwi tena. Kalamu imerudi mkononi mwake.

Haipavaiza huitwa tu pale ambapo jedwali la pili halina jibu, na tukio hilo lafaa kutazamwa kwa karibu. Katika KVM, mgeni aliyeambiwa ana gigabaiti 8 kwa kawaida hapewi fremu zote siku anapowashwa, hupewa anapozigusa. Programu iliyo ndani yake inaomba kumbukumbu, mfumo endeshi wake unaichagulia ukurasa ambao haujawahi kutumika, unaandika ingizo kwenye jedwali lake mwenyewe na kuiruhusu programu iendelee. Prosesa inapotekeleza amri ya kuandika, inalipitia jedwali la mgeni bila tatizo, inafika kwenye jedwali la pili na kukuta pengo. Amri inakatwa katikati, hali ya mgeni inahifadhiwa, na anwani iliyokosekana inakabidhiwa haipavaiza, ambayo hutafuta fremu iliyo huru, huhakikisha imefutwa hadi iwe sifuri tupu ili mabaki ya mtumiaji aliyetangulia yasionekane, huandika ingizo, kisha humrejesha mgeni kwenye amri ileile iliyokatwa. Mgeni huirudia bila kujua kwamba anairudia. Safari hii inapita, na baada ya hapo ukurasa huo waweza kusomwa na kuandikwa mamilioni ya mara bila haipavaiza kuitwa tena.

Hapo ndipo hoja iliyoahidiwa inaposimama. Baina ya njia ya kivuli na njia ya majedwali mawili, idadi ya mara za kuingilia imeshuka sana, na pengine mgeni hukaa muda mrefu bila jedwali lake kuguswa na mtu. Lakini utegemezi wake haukushuka hata kidogo. Kila amri anayoitekeleza inasomwa kutoka fremu ambayo jedwali la pili linaielekeza. Hata uhuru wake mpya wa kuandika jedwali lake mwenyewe anautumia ndani ya kurasa ambazo ni za mwingine, kwa maana jedwali lake nalo limekaa kwenye kumbukumbu inayotafsiriwa. Haipavaiza ikiyafuta maingizo ya jedwali la pili, na ghala la tafsiri likasafishwa, mgeni hatoboi hata amri inayofuata. Kama utegemezi ungepimwa kwa kuguswa, mgeni wa mwaka 2008 angekuwa karibu huru na mgeni wa mwaka 1999 mtumwa. Ilhali wote wawili wanashikiliwa sawasawa, tofauti ikiwa ni kwamba mmoja anashikiliwa kwa kuingiliwa na mwingine kwa kanuni.

Ibn Rushd, aliyemjibu Ghazali katika karne ya 12, alidai kwamba anayekana sababu za vitu anakana akili yenyewe, kwa kuwa akili si kingine ila kuvijua vitu kwa sababu zake. Na Thomas Aquinas baadaye alifundisha kwamba sababu ya kwanza hutenda ndani ya sababu za pili bila kuzinyang'anya utendaji wao. Mara nyingi wote wawili wamesomwa kama watu waliompunguzia Mungu kazi ili maumbile yapate nafasi. Barua walizoandikiana Leibniz na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716 zinaonyesha jinsi usomaji huo ulivyo mwepesi kumnasa hata mtu makini: Leibniz alimdhihaki Newton kwamba Mungu wake ni mtengeneza saa anayelazimika kuitia ufunguo mara kwa mara, na Clarke, akimtetea Newton, akajibu kwamba ulimwengu unaojiendea bila Mungu kutia mkono ni fundisho la wanaotaka kumfukuza Mungu ulimwenguni. Leibniz hakuwa amesema kwamba saa inajitegemea. Alikubali kwamba viumbe huhitaji kuhifadhiwa na Muumba bila kukatizwa, akakana tu kwamba huhitaji kurekebishwa, na Clarke, kwa kukosa kutenganisha mambo hayo mawili, alimjibu mtu ambaye hakuwapo.

Kuchanganya huku hakukuishia Ulaya. Katika makanisa mengi ya Eastlands, ya Mowlem yakiwamo, ibada huwa na wakati wa ushuhuda, ambapo muumini husimama na kueleza alivyoponywa, alivyopata kazi baada ya miezi ya kutembea Viwandani, au alivyonusurika kwenye ajali ya matatu iliyowaua wengine. Desturi hiyo ina thamani yake na haistahili dharau, lakini imelemea upande mmoja, kwa kuwa inahesabu tu yale ambayo katika lugha ya wahandisi ni matukio ya kutolewa kwa mgeni, na siku ambayo hapakutokea kitu haina mtu wa kusimama na kuisimulia. Maandiko yenyewe hayakulemea hivyo. Sura ya Fatir, aya ya 41, inazungumzia mbingu na ardhi kuzuiwa zisiondoke, na Waraka kwa Wakolosai, katika sura yake ya kwanza, unasema juu ya vitu vyote kushikamana katika yule aliyevitangulia. Yote mawili ni maelezo ya kushikiliwa, wala hayataji tukio. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyekusanya dhana za Mungu kutoka jamii nyingi za Afrika katika kitabu alichokichapisha mwaka 1970, aliikuta dhana ya Mungu anayehifadhi na kutunza ikiwa imeenea sana, hata kwa jamii ambazo hazikumtarajia aonekane kila siku.

Ulinganisho huu una mipaka, na mmoja wake ni mzito. Haipavaiza haikuitunga kanuni inayoitegemea. Kanuni ni ya prosesa, na prosesa ni ya kampuni nyingine. Agosti 2018 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Foreshadow, iliyoonyesha maana ya hali hiyo. Prosesa za Intel hupiga hatua kwa kubahatisha kabla ya kukamilisha ukaguzi, na ilibainika kwamba mgeni akiandika kwenye jedwali lake ingizo lililotiwa alama ya kutokuwapo, lenye anwani aliyoichagua mwenyewe, prosesa kwa muda mfupi mno iliichukua anwani hiyo kana kwamba ni ya mwenyeji, ikaruka jedwali la pili, na kumfungulia mgeni mlango wa kuchungulia data iliyokuwa kwenye ghala jingine la ndani la prosesa, lile la data, iwe ya haipavaiza au ya mgeni mwingine. Tiba iliyotumika ilikuwa kurudi kwenye kuingilia: haipavaiza ikawa inasafisha ghala hilo kabla ya kumruhusu mgeni kuingia. Mshikilizi anayetumia kanuni isiyo yake hubeba pia nyufa za kanuni hiyo, na hoja ya Leibniz kwamba kurekebisha ni aibu ya fundi ina nguvu tu kwa fundi aliyetunga kila kitu mwenyewe. Isitoshe, haipavaiza yaweza yenyewe kuwa mgeni wa haipavaiza nyingine, jambo linalofanyika kila siku, na ile ya chini kabisa nayo inategemea vipande vya kumbukumbu na umeme. Miongoni mwa sifa ishirini ipo ya kusimama kwa nafsi, isiyohitaji mahali wala mwenye kuleta kuwapo. Hakuna kiungo chochote cha mnyororo huu kinachokaribia sifa hiyo, na ndiyo sababu mnyororo wenyewe, hata ukirefushwa, haumalizi swali alilouliza Ibn Sina juu ya kile ambacho kuwapo kwake ni lazima.

Lipo pia swali kama mgeni anadanganywa. Tangu Descartes alipomwazia pepo mjanja mwaka 1641, wengi wamechukulia kwamba ulimwengu unaotegemea tafsiri ya mwingine ni ulimwengu wa uongo. Mgeni wa kawaida, hata hivyo, akiiuliza prosesa yake kwa amri maalumu, hukuta alama inayomwambia kwamba yuko chini ya haipavaiza, na KVM huongeza na jina lake. Hafichwi kitu ila asipouliza. Ukurasa wake ni ukurasa kweli: alichoandika ndicho atakachosoma. Uongo huingia mahali pengine, pale ambapo haipavaiza inawaahidi wageni kumbukumbu iliyozidi ile iliyopo, kwa kutumaini kwamba hawataidai yote siku moja. Carl Waldspurger wa VMware alieleza mwaka 2002 mbinu ya puto, ambapo programu ndogo ndani ya mgeni hudai kurasa nyingi ili mgeni aziachie mwenyewe na haipavaiza impe mwingine. Ni mbinu ya busara, lakini inahitajika kwa sababu ahadi ilivuka akiba. Wakazi wa Embakasi wanaojua ploti moja kuuzwa kwa watu wawili hawahitaji kufafanuliwa tofauti kati ya kutojua namba halisi ya kipande na kuahidiwa kipande kisichokuwapo.

Hatua ya karibuni zaidi katika ufundi huu imefanya jambo ambalo teolojia haikuwahi kulifikiria kwa uzito. Katika prosesa za AMD za EPYC zilizotoka mwaka 2021, mgeni aweza kusimbiwa kumbukumbu yake kwa ufunguo ambao haipavaiza haina, na prosesa huweka jedwali la kinyume linaloandika kila fremu ni ya mgeni yupi na iko chini ya anwani yake ipi, ili haipavaiza ikijaribu kubadilisha kwa siri kilicho chini ya ukurasa, ikataliwe. Hili lina uzito kwa Wakenya ambao Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawatambulia haki juu ya taarifa zao hata zinapochakatwa kwenye mashine ya mtu mwingine. Haipavaiza ya namna hiyo bado inampa mgeni fremu, bado inaliandika jedwali la pili, bado inaitwa kila pengo linapojitokeza, lakini haisomi wala haibadilishi. Katika elimu ya sifa ishirini, kudura na ujuzi havitengani katika dhati ya Mungu. Hapa vimetenganishwa kwa makusudi, ikabaki nguvu inayoshikilia kitu isichokijua. Uthibitisho wa mpango huo hutolewa kwa sahihi ya prosesa, kwa hiyo imani ya mgeni imehamia kwa aliyeitengeneza prosesa. Na bado, baada ya kuondolewa kuingilia na kuondolewa kujua, kuna uwezo mmoja ambao haipavaiza haikunyang'anywa: yaweza kukataa kumwongezea mgeni fremu, yaweza kutompa tena zamu kwenye prosesa, wala hakuna sahihi inayoilazimisha kuendelea. Waliobuni ulinzi huu hawakulificha hilo: usiri wa mgeni umelindwa, usahihi wa kumbukumbu yake umelindwa, na kuendelea kwake kuwapo hakukuahidiwa.